Kasuku wa shosho bado anaweza kujifunza jina lako

Sote tumelelewa na ile methali ya samaki mkunje angali mbichi. Ndiyo maana mtu akiachiwa kasuku mzee, majirani hawakawii kumwambia kwamba ndege huyo ashakauka. "Huyo ashazoea ya kwake, wewe tafuta kifaranga," watakwambia, na mjadala unaishia hapo.

Tuseme ni wewe. Shosho amefariki, jamaa wamegawana viti na sufuria, na fungu lako ni kasuku wa kijivu wa miaka 25, mkia mwekundu, macho ya kukukagua kama karani wa benki. Sasa yuko kwa bedsita yako. Kila saa kumi na mbili asubuhi anamwita dada wa kazi aliyeolewa kitambo, anakohoa kile kikohozi cha shosho, kisha analia kama kabambe iliyozikwa zamani na kuijibu mwenyewe: "Haloo!" Sauti ni ya shosho mtupu. Siku ya kwanza unacheka. Siku ya tatu unatoka nje kwanza, maana koo limekukaba.

Na swali linakuja lenyewe: huyu ndege atawahi kusema jina langu?

Anaweza, na sikwambii hivyo kukufariji. Kuna ndege ambao mlango wa kujifunza hufungwa mapema. Kwa mfano, yule ndege mdogo wa Australia mwenye milia kama punda milia hujifunza wimbo mmoja utotoni, na akishakomaa ni huohuo mpaka kufa. Kasuku hajaumbwa hivyo. Porini anaishi kwa makundi, makundi yanabadilika, na asiyejua milio ya wenzake anabaki mpweke. Wanasayansi wamewachunguza wale kasuku wadogo wa kijani na manjano wanaouzwa wawili wawili, wakaona dume aliyekomaa akipewa jike mgeni huanza kuuiga mlio wa jike huyo ndani ya wiki chache. Kwa lugha ya mtaa, anabadilisha ringtone kwa sababu ya mapenzi.

Lakini nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Mwaka wa 2022 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwauliza watu kuhusu kasuku wanaofugwa, karibu ndege 900. Kasuku wa kijivu ndio waliotia fora, wakiwa na wastani wa maneno kama 60. Ila idadi hiyo hupanda ndege akiwa mdogo, halafu akishakomaa haiendelei kupanda mwaka baada ya mwaka. Kwa hivyo usitarajie kasuku wa shosho akuletee kamusi. Tarajia neno moja, pengine matatu, na subira ya miezi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Alex. Mtafiti Irene Pepperberg alimnunua katika duka la wanyama huko Chicago mwaka wa 1977, akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Alipofariki mwaka wa 2007 alikuwa na miaka 31, anajua maneno zaidi ya 100, na bado alikuwa anaendelea na masomo. Alitaja rangi, maumbo na idadi ya vitu. Alipoonyeshwa tufaha alilibuni jina lake mwenyewe kwa kuunganisha ndizi na cheri, akakataa katakata kusahihishwa. Kwa hivyo sisi tuliokua na daftari za Kasuku, tukiambiwa "msikariri kama kasuku", huenda tulikuwa tunamsingizia ndege wa watu.

Siri ya Alex haikuwa kurudiarudia neno mbele ya kizimba kama kondakta anayeita abiria. Walikaa watu wawili mbele yake. Mmoja anauliza, "Hii ni nini?" Mwenzake akijibu sawa anapewa kile kitu chenyewe, akikosea ananyimwa. Kisha wanabadilishana zamu. Alex anatazama, wivu unamshika, anataka na yeye aingie kwenye mazungumzo. Akisema "karatasi" anapewa karatasi aitafune, wala si peremende. Neno linakuwa na kazi.

Pepperberg alijaribu pia kanda za sauti na video bila mtu wa kushirikiana na ndege. Hazikufua dafu. Kwa hivyo ukitoka kwenda job ukimwachia YouTube ikiita jina lako saa nane mfululizo, unamaliza bando bure. Mwite beshte yako jioni. Mwambie aulize, "Nani amefika?" Wewe jibu kwa jina lako, kwa mbwembwe, halafu upewe karanga. Kesho tena. Kasuku hushika haraka neno lenye msisimko kuliko neno lililosemwa kwa sauti ya usingizi. Ndiyo maana matusi huwaingia bila ada ya shule.

Muulize mwenye bustani moja ya wanyama huko Lincolnshire, Uingereza. Mwaka wa 2020 walipokea kasuku watano wa kijivu kutoka kwa wafugaji mbalimbali, wakawaweka chumba kimoja cha karantini. Baada ya siku chache ilikuwa ni matusi kwa kwenda mbele, mmoja anatukana, wenzake wanacheka. Ilibidi watenganishwe, watoto wasije wakasikia. Kwa hivyo chunga ulimi wako mechi ikichezwa.

Mambo mengine ni ya haraka. Usimpe avokado, ni sumu kwake. Mwache alale gizani usiku kucha. Akianza kujinyonyoa manyoya, sahau masomo kwanza, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua ndege. Upweke ni mojawapo ya sababu.

Na la muhimu ambalo wengi hulikwepa ni karatasi. Kasuku wa kijivu yuko hatarini kutoweka. Hapa Kenya waliobaki porini ni wachache, upande wa msitu wa Kakamega. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliotolewa porini imepigwa marufuku, na kumfuga hapa nyumbani kunahitaji kibali cha KWS. Kibali cha shosho hakikuhusu wewe, kama alikuwa nacho. Nenda ukaulize mapema, kabla hujampakia kwenye matatu. Halafu fanya hesabu, maana kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anaweza kupita miaka 40. Huyu wa miaka 25 huenda akaja kwenye arusi yako.

Usimkataze yale maneno ya zamani. Akikohoa kama shosho, mwitikie. Ukimpuuza ili asahau, unamfundisha kwamba kuzungumza hakuna faida.

Neno jipya likikaribia, utalisikia jioni, taa zikishazimwa. Alex naye alikuwa akifanya mazoezi akiwa peke yake, ananong'ona vipande vya maneno. Ukisikia kitu kama jina lako lililokatwa mkia kikitoka gizani, usiwashe taa.