Maulizo Matatu juu ya Motokari na Mbabula



Kila asubuhi, watu wakingoja zamu yao kwenye dispensere, wananiletea maulizo yasiyohusu dawa. Mmoja anauliza juu ya motokari, mwingine juu ya chakula, na wenzao wanacheka. Lakini ulizo la kuchekesha linaweza kuokoa mtu. Leo nawajibu watatu.

Ulizo la kwanza: Sababu gani kichwa kinaniuma nikiwasha motokari ndani ya garaji iliyofungwa, hata kama sioni moshi mwingi?

Esanse isipoungua vizuri inatoa gazi yenye sumu, inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Damu yetu ina kazi ya kubeba oksijeni na kuipeleka mwilini mwote. Lakini gazi hii inashikamana na damu kupita oksijeni zaidi ya mara 200. Fikiri kamyo ya mgodi iliyojazwa udongo wa bure: madini yatapakiwa wapi? Mtu anavuta pumzi, lakini mwili haupati kitu. Kwanza kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, moyo unachafuka, miguu inalegea. Halafu anasinzia, na pengine haamki tena.

Sasa, mama, sikiliza vizuri. Makala ya mbabula yanatoa gazi ile ile. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, wengi wanangoja makala yawe mekundu, moshi uishe, ndipo wanaingiza mbabula chumbani na kufunga dirisha. Wanazani hatari imekwisha. Sivyo: moshi umekwisha, gazi ingali inatoka.

Siku moja walinijia baba, mama na watoto wawili, wote wanaumwa kichwa na kutapika tangu asubuhi ile. Walizani ni malaria. Nikawauliza: "Mlilala na nini chumbani?" Mbabula. Basi mkumbuke alama hii: watu wa nyumba nzima wakiugua pamoja baada ya kulala na moto, fungueni milango na madirisha, mtoe kila mtu inje, mwende hopitali upesi. Mwambieni munganga habari ya mbabula, maana dawa yenyewe ni oksijeni.

Ulizo la pili: Nikivuta esanse kwa mupira na kuimeza kidogo, ninywe maziwa?

Hapana. Wala maziwa, wala mafuta ya mawese, wala kidole kooni. Esanse ni nyepesi sana, inateleza upesi na kuingia katika mapafu. Ukijitapisha, unaipitisha kooni mara ya pili, na hatari inaongezeka. Mapafu yakiguswa, kikohozi na homa vinaweza kuja saa kadhaa nyuma. Kwa hiyo nenda hopitali hata kama unajisikia mzima.

Ni vile vile kwa mtoto aliyekunywa petroli ya taa. Wazazi, msiweke esanse ao petroli katika chupa ya limonade. Mtoto hajui kusoma, anajua chupa tu. Na kwa kuvuta esanse, tumieni pompi ya mkono. Kinywa ni cha kula na kusema.

Ulizo la tatu: Sababu gani maji ya radiatere yananirukia nikifungua kifuniko?

Kando ya bahari maji yanachemka kwa digri 100. Lubumbashi iko juu, karibu metre 1.200, na hapa maji yanachemka kwa digri 96 hivi. Ndiyo maana maharagi yanakawia kuiva kwetu kuliko kule Matadi.

Lakini radiatere imefungwa kwa nguvu. Ndani yake maji yanaweza kupita digri 100 bila kuchemka, kwa sababu yanabanwa. Ukifungua kifuniko, kile kilichoyabana kimeondoka: mara moja yanageuka mvuke na kukupiga usoni. Shofere, zima motere, ngoja nusu saa ao zaidi, mpaka radiatere imepoa. Halafu shika kifuniko kwa kitambaa kinene, geuza polepole, uso ukiwa mbali.

Kama mtu ameungua, mwagia pahali pale maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Macho yakiguswa, yasafishe kwa maji mengi na uende hopitali.

Ndugu zangu, kazini tunavaa kofia na viatu vya usalama kwa sababu hatari ya mgodi tunaiona. Ile ya nyumbani haionekani, na watoto wamelala karibu nayo. Kwa hiyo leo usiku, mbele ya kulala, baba ao mama aulize: "Mbabula iko wapi?" Jibu zuri ni moja tu: "Iko inje."