Likizo kwa Hesabu ya Mwezi

Kwa miaka mitatu nilikuwa nakosea. Shule zikifungwa tu Desemba, Jumapili ya kwanza tunajibana kwenye bajaji, baba, mama, watoto wawili, taulo na dumu la maji, tunateremkia Coco Beach saa kumi jioni pamoja na nusu ya Dar es Salaam. Muziki unagonga kila upande, mihogo inakaangwa, mishikaki inafuka moshi. Sisi wakubwa raha mustarehe. Watoto je? Bahari imejaa hadi juu, mawimbi yanapiga ukingo, na mtoto mdogo hana la kufanya zaidi ya kusimama maji yakimlamba vifundo, mkono wake nimeubana kama mwizi aliyekamatwa. Kila baada ya dakika mbili napaza sauti: "Rudi huku!" Usiku tunarudi nyumbani wamenuna, mchanga hadi masikioni.

Aliyenifumbua macho ni mama mkwe. Yeye ni mzaliwa wa Mafia, na mjini huja kwa kutusalimia tu. Mwaka juzi alinikuta nafunga kapu la Jumapili, akaketi mkekani, akaniuliza, "Mwanangu, umeutazama mwezi?"

Nikadhani anauliza habari za Ramadhani.

"Bahari, mama," akasema. "Unawapeleka wajukuu zangu baharini, hujui kama maji yamejaa au yamekupwa?"

Sikujua. Nimezaliwa mji wa pwani, nimekulia mji wa pwani, na bahari nilikuwa naiendea kwa saa ya ukutani kama ninavyoiendea benki.

Hesabu yenyewe wala si ngumu. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, na siku moja mbili baadaye ndipo bamvua linapokolea. Maji hujaa sana na kukupwa sana. Hapa Dar es Salaam, kati ya kujaa na kupwa, kina hupishana kwa zaidi ya mita 3. Kizuri zaidi, bamvua la kwetu lina desturi ya kudumu: maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Baada ya hapo yanachelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, mpaka mwezi ukifika nusu yanaingia maji mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo, na saa nne ileile ya asubuhi unakuta bahari imejaa. Kumbe ile saa kumi yangu ya jioni, siku za bamvua, ndiyo saa bahari inapofura kuliko zote. Nilikuwa nawachagulia watoto saa mbaya kuliko zote, tena kwa nauli.

Siku hizi kalenda ya ukutani nimeichora miduara: mweusi kwa mwandamo, mtupu kwa mwezi mpevu. Likizo nzima inafuata miduara hiyo.

Asubuhi ya bamvua tunafika saa mbili, maji yakiwa bado yanatoka. Ufuko ule ule wa Coco Beach, lakini hakuna muziki, hakuna moshi, na bahari imejivuta mbali imeacha miamba wazi. Kwenye kila shimo la mwamba kumebaki dimbwi, lingine dogo kama sufuria, lingine kama karai la kufulia. Kwa mtoto wa miaka minne hii ndiyo bahari inayomtosha: ina ukubwa wake yeye. Anachuchumaa, haondoki.

Jiwe la kwanza halikuwa na kitu chini yake. La pili lilikuwa na kaa mdogo aliyejitia ndani ya simbi ya konokono aliyekwisha kufa, akachomoza makucha, akatuona, akayarudisha. Chini ya la tatu, kiti cha pweza. Chekundu kilichofifia, mikono mitano, kimejibandika kwenye mwamba kama kilichogundishwa. Tukakikodolea macho mpaka tukagundua kinatembea, taratibu mno, kama mshale wa dakika. Mdogo akauliza, "Macho yake yako wapi?"

"Hana," nikajibu, kwa ile haraka ya mzazi asiyejua.

Nilikuja kusoma usiku nikaona aibu. Kiti cha pweza kina macho, tena kwenye ncha ya kila mkono. Ni vijidoa vidogo visivyoona mengi zaidi ya mwanga na giza. Kisichokuwa nacho ni ubongo. Asubuhi nilimwomba mwanangu radhi, nikamweleza. Siku nzima alitembea nyumbani amefumba macho, amenyoosha mikono mbele, anasema anaona kwa vidole. Alijigonga kwenye friji mara mbili.

Nina masharti machache, na siyalegezi. Yeboyebo miguuni kwa kila mtu, mimi pia, kwa sababu wale wadudu weusi wenye miba mirefu wanajaa kwenye nyufa, na mwiba wao ukikatikia unyayoni likizo imeharibika. Simbi zenye umbo la pia, hata ziwe na madoadoa mazuri vipi, hatugusi. Kuna konokono wa aina hiyo mwenye mshale wa sumu. Jiwe ukilifunua, lirudishe lilivyokuwa, maana ulilofunua ni paa la mtu. Na maji yakigeuka tu, tunaondoka. Hili la mwisho mama mkwe ndiye aliyelikazia. Maji kupwa yana hila: yanaporudi huanza pole pole, halafu saa za katikati yanakwenda mbio, na kwenye tambarare ya miamba yanaweza kukupitia pembeni yakakuzunguka huku wewe umeinama unatazama jongoo bahari. Isitoshe, saa tano jua la kaskazi si la kuchezea mtoto.

Kwa hiyo saa tano tupo nyumbani, wameoga, wanakula embe bolibo kwa chumvi na pilipili, na saa saba wamelala. Mzazi anayejua thamani ya mtoto aliyelala saa saba mchana mwezi wa likizo atanielewa.

Wiki ya maji mafu hatuendi ufukweni. Nagandisha ukwaju na ubuyu kwenye vikombe, na jioni upepo ukianza tunarusha tiara. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, tiara zetu zimerudi kwenye gazeti. Chelewa mbili unazichomoa kwenye ufagio, unazikingamanisha, gundi ni ugali uliolala. Ya kwanza ilipaa kimo cha mlango, ikazunguka kama kichaa, ikajipigiza chini. Nilitaka kuitupa. Dada mtu, ana miaka saba, akachana kitambaa cha khanga kuukuu akaongeza mkia, mrefu mara mbili ya nilivyoufanya mimi, na ikatulia. Tunarushia uwanjani tu, mbali na nyaya za umeme.

Kuna siku nyingine tunapanda pantoni, Magogoni hadi Kigamboni, shilingi 200, na kurudi. Ndiyo hivyo, tunavuka na kurudi. Mwanzoni nilikuwa natafuta pa kuwapeleka upande wa pili, mpaka nikaona ninawakatisha starehe: mtoko kwao ni lile lango la chuma linaloshuka, honi, na wauza karanga. Daraja la Nyerere lipo tangu 2016 na ni zuri, ila kwa mtoto wa miaka minne daraja ni barabara tu.

Bamvua la mwisho wa Desemba bibi yao alikuwapo, tukashuka naye miambani, khanga ameifunga kibwebwe. Mdogo akamshika mkono, wakainama pamoja kwenye jiwe lao.

"Bibi, kama hiki ni kiti cha pweza, pweza mwenyewe hukikalia saa ngapi?"

"Usiku, mjukuu wangu. Mkishalala."

Akafikiri. Maji yalikuwa yameshageuka, nami nilikwisha kuita mara mbili. Alilirudisha jiwe mwenyewe, kwa mikono miwili, akalisogeza kidogo, akaacha upenyo upande wa baharini.

"Apate pa kupita," akasema, kisha akatimua mbio, kwa kuwa maji yalikuwa yameingia kwenye yeboyebo zake.