Ngozi ya kifaru, ulimi wa mwanafunzi

Aprili 28, 2025, wapiga kura wa jimbo la Carleton, pembeni mwa Ottawa, walikabidhiwa karatasi ya kura iliyokaribia urefu wa mita moja. Ilikuwa na majina 91. Ilibidi ikunjwe, ikunjwe tena, ndipo ipite kwenye tundu la sanduku. Wengi wa wagombea hao hawakubandika bango hata moja, hawakuhutubia mkutano, na wala hawakuutaka ubunge wenyewe. Walijiandikisha kwa mpango wa kikundi kinachojiita Kamati ya Kura Ndefu Kuliko Zote, na kazi yao ilikuwa moja tu: kujaza nafasi.

Jimbo hilo lilikuwa la Pierre Poilievre, kiongozi wa chama cha Conservative, mbunge tangu 2004. Usiku ule aliangushwa na Bruce Fanjoy wa chama cha Liberal. Wachekeshaji wale si wao waliomwangusha, maana kura walizopata wote kwa pamoja zilikuwa kiduchu. Lakini aliposimama tena Agosti 18 katika uchaguzi mdogo wa Battle River–Crowfoot, kule Alberta, walimfuata. Safari hii walikuwa wagombea 214. Tume ya uchaguzi ikanyoosha mikono: hakuna karatasi ya kuwabeba wote hao. Wapiga kura wakapewa karatasi yenye nafasi tupu, kila mtu aandike mwenyewe jina la anayemtaka, na ukikosea herufi haidhuru, mradi nia yako ieleweke. Poilievre alishinda kwa kishindo.

Mtu akiyasikia haya kwa mbali atasema ni utoto. Atakayekaa na wanafunzi wa vyuo vya Montreal au Toronto atagundua kwamba huo ndio utani wa kwao. Mkanada hasifiki kwa kufoka. Kejeli yake ina uso mkavu: huichukua kauli ya mkubwa, akaikubali kama ilivyo, akaifuata kwa adabu mpaka inapomfikisha mkubwa mwenyewe pabaya. Sheria inasema kila mgombea alete sahihi 100? Haya, italetwa. Sheria haimzuii mtu mmoja kuwatia sahihi wagombea wengi? Basi kundi lile lile la watu linatosha kuwadhamini wote. Kila kitu ni halali, na hapo ndipo penye uchungu.

Chanzo cha mkanda huo wa majina ni ahadi. Mwaka 2015 Justin Trudeau, kiongozi wa chama cha Liberal, alitangaza kwamba uchaguzi wa mwaka ule ungekuwa wa mwisho kufanyika kwa mfumo wa anayeongoza kachukua, yaani ule ambao mgombea anaweza kukataliwa na zaidi ya nusu ya jimbo na bado akawa mbunge wake. Vijana walimpigia kura kwa wingi. Chama chake kikapata asilimia 39.5 ya kura na viti 184 kati ya 338, na baada ya hapo mfumo ule haukuonekana mbaya kiasi kile. Kamati ya bunge ilifanya kazi yake, ikazunguka nchi, ikapendekeza mfumo wa uwiano na kura ya maoni. Serikali nayo, Desemba 2016, ikawaletea wananchi dodoso la mtandaoni.

Dodoso lile linastahili kukumbukwa. Halikumuuliza mtu moja kwa moja anautaka mfumo gani. Lilimuuliza anapenda nini na anachukia nini katika siasa, kisha mwishoni likampangia tabia: wewe ni mlinzi wa mambo yalivyo, au mpenda mabadiliko, au mtu wa kushirikiana, na kadhalika. Wapo waliolifananisha na mitandao ya kutafutia wachumba. Watu wakaanza kutunga na kusambaza maswali ya bandia, wakidai eti ni yale ambayo serikali iliyakataa, na ukweli ni kwamba hayakuwa na tofauti kubwa na yaliyokubaliwa. Februari 2017 mpango wote ukazikwa. Januari 6, 2025, akitangaza kuondoka madarakani, Trudeau alisema jambo moja analolijutia ni kutobadilisha namna ya kupiga kura. Ukishajua hayo, mita moja ya karatasi si ndefu sana.

Kikundi hiki cha kura ndefu hakikuota tu. Kina nasaba, na nasaba yake ni Chama cha Kifaru, kilichoanzishwa Quebec mwaka 1963 na Jacques Ferron, daktari na mwandishi. Jina lilitokana na Cacareco, kifaru wa bustani ya wanyama ya São Paulo, Brazil, ambaye mwaka 1959 wapiga kura waliochoshwa na madiwani wao walimpa kura zipatazo 100,000. Wanachama walieleza kwamba kifaru ndiye nembo halali ya mwanasiasa: ngozi nene, mwendo wa kujivuta, akili nzito, lakini ikitokea hatari hakuna anayemfikia kwa mbio.

Ahadi yao kuu ilikuwa kwamba hawatatimiza ahadi yoyote. Zilizobaki ziliandaliwa kwa umakini wa ilani kamili. Watainua elimu ya juu kwa kujenga shule ndefu zaidi. Watafuta sheria ya mvutano wa dunia. Watahesabu visiwa vya Thousand Islands, mpakani na Marekani, wahakikishe Wamarekani hawajaiba kimoja. Na magari yatahamia upande wa kushoto wa barabara kama Uingereza, ila kwa awamu, ndani ya miaka mitano: malori kwanza, mabasi yafuate, magari madogo baadaye. Msomaji wa Dar es Salaam afikirie Barabara ya Morogoro siku ambayo malori yameshahamia kulia na daladala bado ziko kushoto, zikisubiri awamu yao. Nimesoma mipango ya serikali halisi iliyopangwa hivyo hivyo.

Mwaka 1980 chama hicho kilisimamisha wagombea 120 na kupata takriban asilimia 1 ya kura za nchi nzima, zaidi ya 110,000, kikashika nafasi ya tano. Wanafunzi walikuwa sehemu ya kundi hilo, wakifurahia kupata mahali pa kutupa kura ambayo isingemnufaisha yeyote. Wakubwa walijibu kwa njia waliyoiweza: kufikia mwaka 1993 chama kilitakiwa kuwa na wagombea wasiopungua 50, kila mmoja na dhamana ya dola 1,000. Vifaru wakajitoa. Mahakama ziliiondoa ile idadi ya 50 mwaka 2003 na ile dhamana mwaka 2017. Ndiyo maana watu 214 waliweza kugombea jimbo moja bila kutoa hata senti.

Kuna mzaha wao mmoja unaotugusa huku kwetu. Mwaka 1979 Chama cha Kifaru kilitangaza vita dhidi ya Ubelgiji, sababu ikiwa kwamba katika kitabu cha katuni cha Tintin kinachohusu Kongo, cha mwanzoni mwa miaka ya 1930, shujaa anamtoboa kifaru mgongoni na kumlipua kwa baruti. Masharti ya amani yalikuwa kreti ya bia ya Kibelgiji na kome. Ubalozi wa Ubelgiji ukacheza ngoma hiyo, ukapeleka mzigo, vita vikaisha.

Ni kisa kitamu, nami nimekicheka. Lakini kitabu kile kile kina Wakongo waliochorwa midomo ya kutisha na akili za watoto, wakimsujudia kijana mweupe na mbwa wake. Mwaka 1975, kwa ajili ya toleo la nchi za Skandinavia, mchoraji alikubali kuubadilisha ukurasa wa kifaru, mnyama akanusurika. Mkongo mmoja aishiye Brussels, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikwenda mahakamani mwaka 2007 kwa ajili ya watu waliomo kitabuni, na mwaka 2012 akashindwa. Kifaru alipata utetezi, bia na kome. Kejeli nayo ina macho yake, na huwa haioni kila kitu.

Turudi chuoni. Manung'uniko ya mwanafunzi wa Kanada leo yanaanzia kwenye kodi ya chumba, yanapitia bei ya siagi, yanaishia kwa Donald Trump. Trump alipokuwa akiiita Kanada jimbo la 51 na Trudeau "gavana", huku bunge likiwa limesimamishwa hadi Machi 24, 2025 ili chama tawala kipate kiongozi mpya, wenye kumbukumbu walikuwa na jibu tayari: Vifaru waliahidi zamani kwamba Kanada ndiyo itakayoimeza Marekani, iwe eneo lake la tatu baada ya Yukon na lile la Kaskazini-Magharibi.

Mwanafunzi wa kigeni hucheka kwa tahadhari zaidi. Mwaka wa masomo 2024/25 mwenzake raia alilipa ada ya wastani wa dola 7,000 hivi za Kanada. Yeye alilipa karibu 40,000. Kuanzia Januari 1, 2024, mzazi wa Nairobi au Arusha aliyempeleka mtoto kule alitakiwa kuonyesha akiba ya dola 20,635 za kujikimu, juu ya ada, badala ya 10,000 za awali. Mwezi huo huo serikali ikaweka kikomo cha vibali vya masomo, kwa maelezo kwamba nyumba hazitoshi. Mtu aliyelipia sehemu kubwa ya uendeshaji wa chuo akaambiwa ndiye aliyejaza nchi. Hapo kijembe kinajiandika chenyewe, ila mwenye kibali cha muda huwa anakisema kwa lugha ya nyumbani.

Swali la haki ni kama vijembe vyote hivi vimewahi kumpunguzia mtu ada. Vilishampunguzia, mara moja, pale vilipopewa miguu. Mwaka 2012 serikali ya Jean Charest wa Quebec ilitaka kupandisha ada kwa dola 1,625 katika miaka mitano. Wanafunzi wakagoma kuanzia Februari, kila mmoja na kipande cha mraba cha kitambaa chekundu kifuani, kimeshikizwa kwa pini, rangi ya mwenye madeni. Aprili, waandamanaji wakipambana na polisi nje ya ukumbi, Charest alikuwa ndani akihutubia wafanyabiashara kuhusu mpango wa kuendeleza kaskazini. Akatania kwamba wanaobisha mlangoni wangeweza kupatiwa kazi, kaskazini kadiri iwezekanavyo. Ukumbi ukacheka. Mji haukucheka. Utani wa mwenye polisi nje ya mlango una harufu nyingine kabisa.

Mei 18 ikapitishwa sheria: kundi la watu 50 au zaidi litoe taarifa ya njia yake kwa polisi saa nane kabla ya kuanza. Wakazi wa Montreal wakajibu kwa sufuria. Kila siku saa mbili usiku watu walitoka kwenye vibaraza, bibi na mjukuu, wakagonga masufuria kwa miiko ya mbao, kisha wakateremka barabarani mtaa kwa mtaa, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuitolea taarifa. Barabarani kulikuwa pia na mwalimu wa falsafa aliyevaa vazi zima la panda, akiwakumbatia wanafunzi na polisi bila ubaguzi. Mwaka uliofuata polisi walikamata kichwa cha panda huyo, kwa kuwa mji ulikuwa umepiga marufuku kufunika uso. Aliipinga marufuku hiyo mahakamani, na mwaka 2016 kifungu hicho kikabatilishwa.

Charest alishindwa uchaguzi Septemba 4. Pauline Marois, ambaye mwaka ule alivaa kitambaa chekundu bungeni na akaonekana akigonga sufuria bila kuifuata vizuri midundo, akashika serikali na kufuta nyongeza ile. Februari 2013 aliitisha mkutano mkuu wa elimu ya juu. Uamuzi uliotoka: ada ipande asilimia 3 kila mwaka, bila kikomo. Maelfu ya wanafunzi wakarudi barabarani wiki hiyo hiyo, wakiwa na vitambaa vile vile, ilhali waziri mkuu alikuwa ameshavua chake.