WIZI HUU HAUNA KUCHOMWA MOTO!

Huku kwetu Mapera, Mbinga, ukishapigiwa kelele za "mwizi" basi umekwisha. Hata kama umebeba debe moja tu la kahawa ya watu, wananchi wenye hasira kali hawaulizi mara mbili.

Lakini asikuambie mtu, upo wizi mmoja ambao ukiufanya uwanja mzima unasimama kukupigia makofi. Ni kwenye besiboli, mchezo wa Wamarekani.

Ni hivi: kuna vituo vinne, kutoka kimoja hadi kingine ni mita 27 na ushee. Ukifika cha kwanza, unamvizia mrushaji. Akianza tu kurusha mpira kwa mpigaji, wewe unatimua mbio kwenda cha pili. Mdakaji naye akiudaka anautupa huko huko ulikoelekea. Ukiwahi, umeiba. Ukiguswa na mpira kabla hujakanyaga, nje! Waliocheza rede utotoni wananielewa.

Baba lao ni Rickey Henderson, aliyefariki Desemba 2024. Msimu wa 1982 peke yake aliiba vituo 130, na tangu hapo hakuna aliyemfikia. Mpaka anatundika viatu alikuwa ameiba 1,406. Si kwamba alikuwa hakamatwi jamani! Msimu ule ule alinaswa mara 42.

Hapo ndipo mabosi wa timu walipoanza kupiga hesabu. Ukinaswa zaidi ya mara moja katika kila nne, hasara inakula faida. Wizi ukapungua sana. Mwaka 2023 wakubwa wa mchezo wakabadili sheria: kituo kikapanuliwa kutoka sentimeta 38 hadi 46, na mrushaji akabanwa asimtishe mkimbiaji ovyo ovyo. Matokeo yake? Wizi 2,486 wa msimu wa 2022 ukaruka hadi 3,503! Ronald Acuña wa Atlanta akaongoza kwa 73. Mwaka 2024 akafuata Elly De La Cruz wa Cincinnati na 67, huku Mjapani Shohei Ohtani akiiba 59 na kunaswa mara 4 tu. Huyo ndiye mwizi msomi!

Sasa nije kwenye pointi yangu. Henderson alipokuwa shule huko Oakland, mama mmoja mshauri wa wanafunzi alikuwa akimpa senti 25 kwa kila kituo alichoiba. Senti 25 tu, zikatoa bingwa wa dunia.

Na msidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 2022 timu ya Dodgers ya Los Angeles ilisajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Hata Dar es Salaam, pale Azania Sekondari, Wajapani walisaidia kujenga uwanja wa besiboli uliofunguliwa mwaka 2018.

Huku Umatengo watoto wanapanda na kushuka milima kila siku kwenda shule na kwenye ngoro. Mapafu wanayo, miguu wanayo. Wazazi na walimu, mnapomwona mtoto ana mbio, msimwambie anacheza tu. Mpeni japo daftari na neno zuri. Nani anajua senti 25 yako itazaa nini?

Tuonane wiki ijayo. Na mikono yenu ikae kwenye mifuko yenu wenyewe!