Presha ya Jicho: Namba Moja Haitoshi

Katika vikundi tunavyotembelea, mara nyingi tunasikia mtu akisema, "Mimi nilipimwa presha ya jicho, nikaambiwa ni 18, kwa hivyo sina glakoma." Ndugu wanakikundi, namba hiyo ni ya maana, lakini peke yake haitoshi. Tueleze kwa nini.

Glakoma ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka kwenye jicho hadi kwenye ubongo. Kwa wengi hauumi wala hauwashi. Hula uwezo wa kuona pembeni, polepole, na mtu anashtuka wakati mengi yameshapotea. Kilichopotea hakirudi. Dawa na upasuaji hulinda kile kilichobaki tu. Sisi watu weusi tuko katika hatari zaidi, hasa tuliopita miaka 40, na wale ambao mzazi au ndugu wa tumbo moja anao.

Presha hupimwaje?

Mashine hubonyeza konea, yaani ile sehemu angavu iliyo mbele ya jicho kama kioo cha saa. Ni kama kubonyeza tairi ya baiskeli kwa kidole gumba. Tairi mpya iliyo nene huonekana imejaa hata kama hewa ni kidogo. Iliyolika hubonyea upesi, hata kama hewa ni nyingi. Vivyo hivyo, konea nene huweza kuonyesha presha kubwa kuliko ilivyo, na konea nyembamba huweza kuficha presha iliyo juu.

Hans Goldmann na Theodor Schmidt, walioeleza mashine hiyo mwaka 1957, walichukulia konea kuwa na unene wa kama nusu milimita. Lakini watu hawalingani. Wastani ni kama maikroni 540 (maikroni 1,000 ni milimita moja), wengine wako chini sana, wengine juu. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulifuata watu zaidi ya 1,600 wenye presha ya juu ya jicho. Waliokuwa na konea ya maikroni 555 au chini walikuwa na hatari ya kupata glakoma kama mara tatu ya wale waliozidi 588. Kwa wastani, washiriki weusi walikuwa na konea nyembamba zaidi.

Je, kipimo cha unene chenyewe kinaaminika?

Ndiyo, kikifanywa vizuri. Lakini yako mambo yanayokipotosha:

1. Kifaa cha mawimbi ya sauti kinagusa jicho. Kikiwekwa kando badala ya katikati, au kikilala upande, namba huongezeka. Ndiyo maana mpimaji hurudia mara kadhaa.

2. Mashine mbili tofauti huweza kutofautiana kwa maikroni 10 au 20 kwa jicho lile lile. Hii haimaanishi jicho limebadilika.

3. Mtu akiamka tu, konea huwa imevimba kidogo kwa sababu macho yalifungwa usiku. Hupungua baada ya saa chache.

4. Lenzi zinazovaliwa juu ya jicho nazo huivimbisha.

Hata namba ikiwa sahihi, hakuna hesabu moja iliyokubalika ya kugeuza presha kwa kutumia unene. Daktari huitumia kupima hatari, pamoja na kuangalia mshipa wa fahamu ndani ya jicho na kupima uwezo wa kuona pembeni.

Tufanye nini?

Usiende kliniki ya macho kutafuta namba ya presha peke yake. Uliza, "Je, mshipa wa ndani umeangaliwa?" Kama wana kifaa cha unene, omba upimwe, kama hawana, usirudi nyumbani bila kuangaliwa mshipa. Namba zote ziandikwe kwenye kadi, pamoja na tarehe, saa na aina ya mashine. Kadi isipotee. Ukipewa dawa ya matone, usiiache ati kwa sababu huoni tofauti. Na kama mmoja wenu ana glakoma, awaambie watoto wake na ndugu zake wakapimwe.

Maswali ya kujadili kikundini

Ni nani kati yetu ana jamaa aliyepoteza macho polepole bila maumivu? Je, watoto wake wameshapimwa? Kikundi kinaweza kusaidia vipi nauli ya wazee wanaohitaji kurudi kliniki?