Printa ya Picha Kisiwani Mafia: Hesabu Picha Kabla ya Kuhesabu Fedha

Mpiga picha wa Mafia hakosi cha kupiga. Kuanzia Oktoba hadi Machi papa potwe huogelea karibu na Kilindoni, popo wakubwa wananing'inia mitini kisiwani Chole, na magofu ya Kua yako kisiwani Juani. Shida huanza anapotaka picha zitoke kwenye simu ziingie kwenye albamu. Hapo ana njia tatu: kutuma flashi Dar es Salaam picha zikasafishwe studio, kununua printa ya wino, au kununua printa ndogo ya utepe. Ipi ina unafuu inategemea zaidi idadi ya picha utakazotoa kila mwezi kuliko bei ya mashine dukani, kwa sababu printa ya wino ikikaa bure hukauka, na kuizindua kunakula wino ambao hujauona kwenye karatasi.

Mashine zenyewe

Epson L3250 utaikuta kwenye steshenari nyingi. Ni printa ya tenki yenye rangi nne, inachapa barua na picha, na wino wake wa chupa ni rahisi kupatikana. Kwa picha za paspoti na za harusi inatosha. Udhaifu wake huonekana kwenye rangi nyepesi: anga la asubuhi au maji ya kina kifupi hutoka na chembechembe, maana buluu hafifu inatengenezwa kwa kutawanya matone ya buluu iliyokolea.

Epson L8050 ina rangi sita. Inaongeza buluu nyepesi na majenta nyepesi, na hizo ndizo zinazolainisha bahari na anga. Anayepiga picha chini ya maji katika Ghuba ya Chole ataiona tofauti bila kuambiwa. Ila haina skana, basi ukihitaji kunakili nyaraka, hii siyo.

Canon PIXMA G540 nayo ina rangi sita, lakini nyongeza zake ni nyekundu na kijivu. Kijivu kinasaidia picha za rangi nyeusi na nyeupe zisiingiwe na ukijani, na nyekundu inasaidia machweo na vitambaa vyenye rangi kali. Kwa picha za watu na za magofu, ningeitazama hii kwanza.

Canon SELPHY CP1500 haitumii wino wa maji kabisa. Inahamisha rangi kutoka kwenye utepe hadi kwenye karatasi kwa joto, kisha inafunika picha kwa tabaka la kinga. Haina tundu la wino la kuziba. Ukiiacha miezi minne, siku ukiiwasha inachapa. Mpaka wake ni ukubwa: haizidi picha ya kadi, takriban sentimita 10 kwa 15, na lazima utumie utepe na karatasi zake. Pakiti kubwa ina karatasi 108 na tepe za kuzitosha, kwa hiyo gharama ya picha moja ni bei ya pakiti gawanya kwa 108.

Hesabu ya picha moja

Kwa printa ya tenki hesabu ina vipande viwili, wino na karatasi. Chukua mfano, kisha badilisha tarakimu kwa bei utakazoambiwa Kariakoo. Epson L805, mtangulizi wa L8050, ilitangazwa kuwa seti moja ya chupa sita inatoa picha 1,800 za kadi. Punguza robo kwa wino unaopotea kwenye kusafisha, zinabaki 1,350. Tuseme seti inauzwa shilingi 270,000: kila picha imekula wino wa shilingi 200.

Karatasi za picha za A4 zikate vipande vinne, kila kipande kinakuwa sentimita 10.5 kwa 14.8. Tuseme pakiti ya karatasi 20 ni shilingi 12,000: kila karatasi 600, kila picha 150. Jumla ni 350.

Sasa tuseme studio inatoza 1,000 kwa picha. Unaokoa 650. Ikiwa printa imekugharimu 900,000, itajilipa ukishachapa picha 1,385 hivi. Mtu wa picha 20 kwa mwezi atasubiri karibu miaka sita. Wa picha 60 kwa mwezi, chini ya miaka miwili. Ukitumia wino usiojulikana chupani gharama itashuka, lakini rangi huweza kupauka mapema, na ukiziba kichwa cha kuchapia unaweza kuikosa dhamana.

Njia ya kuifikisha

Wengi hupitia Mbagala hadi Nyamisati, kisha boti au kivuko hadi Kilindoni. Jaribu kuiwasha printa dukani, lakini usikubali ijazwe wino. Printa ya tenki iliyojazwa ikilazwa ubavu kwenye boti inavuja, na hewa ikiingia kwenye mipira ya wino picha zitatoka na michirizi. Beba chupa zikiwa zimefungwa, jaza ukifika nyumbani. Nunua papo hapo seti ya akiba, hasa rangi nyepesi, maana ukiishiwa rangi moja kati ya sita kazi ya picha inasimama.

Umeme, joto na unyevu

Printa ya wino haitumii umeme mwingi; ikichapa, nyingi hazifiki wati 20, hivyo inveta ndogo ya sola inaimudu. Hatari ni umeme kukatika katikati ya kazi. Kichwa kinapopumzika hurudi pembeni na kufunikwa na kifuniko cha mpira ili wino usikauke. Umeme ukikatika kinabaki wazi. Ukirudi, washa mashine, kisha izime kwa kitufe chake. Usichomoe waya kwanza. UPS ndogo itakuokoa hapa.

Majira mawili yana maadui wawili. Joto la kaskazi hukausha wino kwenye tundu. Masika yakiingia, anayeumia zaidi ni karatasi: inavuta unyevu, inajikunja, na wino unasambaa. Hifadhi karatasi kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, utoe zile za kazi ya siku hiyo tu. Picha iliyochapwa iache siku nzima ikauke kabla ya albamu au fremu, na ya ukutani iwekwe nyuma ya kioo.

Matunzo ya kila wiki

Chapa picha moja yenye rangi zote kila wiki, hata kama huna kazi. Karatasi ya kukagua tundu ikionyesha mistari iliyokatika, safisha kichwa mara moja au mbili, kisha iache hadi kesho yake. Kusafisha mara kumi mfululizo kunamwaga wino kwenye pedi ya taka, na pedi ikijaa mashine inagoma. Kwenye G540 kisanduku cha taka unakibadilisha mwenyewe; kwenye baadhi ya printa inabidi umwone fundi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Uchague ipi

Chini ya picha 20 kwa mwezi, tuma flashi Dar. Kama unachapa msimu wa potwe tu, SELPHY. Picha za kazi na nyaraka, L3250. Picha 60 na zaidi kila mwezi, bahari ichapwe na L8050, watu na magofu G540. Na kama bado hujui idadi yako, hesabu picha ulizosafisha mwaka jana, ugawanye kwa 12: hiyo ndiyo idadi ya kununulia, si ile unayotamani.