Fahamu: Buibui aliyepewa jina la samaki

Machi 2021, mtafiti Joseph Schubert wa Makumbusho ya Victoria, Australia, alitangaza buibui mpya: Maratus nemo. Hategi utando; huvizia windo, kisha humrukia. Ukubwa wake ni kama punje ya mchele. Dume ana uso wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kama Nemo, yule samaki wa filamu. Mgongo, tofauti na jamaa zake buibui tausi, hauna mapambo yoyote.

Aliyemwona kwanza ni Sheryl Holliday, mpiga picha za viumbe, kwenye kinamasi karibu na Mount Gambier. Aliweka picha mtandaoni, Schubert akaomba buibui wenyewe, wakasafirishwa wakiwa hai.

Ukimkuta buibui usiyemjua ukutani, piga picha kwanza. Kandambili isubiri.